KASHATA: HISTORIA ILIYOHIFADHIWA NDANI YA MANENO

1. Utangulizi

Wanahistoria wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamezoea kuanza na tarehe za kale. Tarehe ya Kilwa huwahesabu masultani na jamaa zao. Habari za Pate husimulia vita, ndoa na urithi wa ufalme. Jikoni hazikuingia ila kwa nadra. Matokeo yake ni kwamba vitu vilivyokuwa mkononi mwa kila mtu, sokoni, barazani na siku za Idi, vimebaki bila mwandishi wa kuvieleza. Kashata ni kimojawapo.

Kashata ni tamutamu ya njugu, ufuta au nazi iliyoshikanishwa kwa sukari iliyoyeyushwa motoni, ikakatwa vipande kabla haijapoa. Huliwa pamoja na kahawa chungu, ladha moja ikiituliza nyingine. Watu wa pwani huihesabu miongoni mwa mambo ya asili, yaani yaliyokuwapo tangu zamani za wazee. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madai hayo yana ukweli na yana kasoro. Kashata ya karanga, jinsi inavyofahamika leo, haikuweza kuwapo kabla ya karne ya 16. Wala haikuweza kuwa chakula cha watu wa kawaida kabla sukari haijawa bidhaa ya kawaida. Ushahidi wa jambo hili unapatikana kwanza katika maneno yenyewe, na baadhi ya maneno hayo yanasikika wazi zaidi Lubumbashi kuliko Unguja.

2. Kazi ya moto

Kabla ya kuyapima maneno, yafaa kuieleza kazi, kwa sababu maana za maneno hayo zinafungamana na kinachotendeka ndani ya sufuria.

Karanga hukaangwa kwanza pasipo mafuta, zikikorogwa daima ili zisiungue upande mmoja. Zikishapoa kidogo husuguliwa kwa viganja, kisha hupepetwa kwa ungo ili maganda yapeperuke. Sukari hutiwa sufuriani na maji machache, ikachemshwa mpaka maji yamekaribia kwisha. Hapo joto hupanda upesi. Linapofika kiasi cha nyuzi 150, tone la sukari likidondoshwa katika maji baridi hugeuka kuwa gumu na kuvunjika kama kioo. Hiyo ndiyo alama ambayo mpishi asiye na kipimajoto huitegemea. Baadhi ya wapishi huongeza matone ya ndimu, na wanayo sababu: asidi huigawanya sehemu ya sukari, ikaizuia isirudi kuwa chembechembe. Kisha karanga hutiwa, huchanganywa kwa haraka, na vyote humwagwa juu ya ubao uliopakwa mafuta. Mchanganyiko husukumwa ukawa bapa na hukatwa ungali moto. Mpishi akichelewa dakika chache kisu hakipiti tena.

Iko njia ya pili, inayotumika kwa mbegu za kupakwa sukari moja moja. Katika njia hii mpishi hamwagi sukari ingali kama kioo. Huendelea kuikoroga ikiwa bado na maji kidogo, mpaka ghafla inapoteza uangavu wake na kuwa kama mchanga unaozishika mbegu pande zote. Msomaji aikumbuke picha hii ya mchanga, kwani itarejea katika sehemu inayofuata.

3. Sukari: kutoka changarawe hadi chakula

Neno sukari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, sukkar. Waarabu walilipokea kutoka Kiajemi, na Waajemi kutoka lugha za Bara Hindi, ambako katika Kisanskriti śarkarā ilikuwa na maana ya changarawe au chembe za mchanga. Wahindi waliipa sukari jina la kile walichokiona: maji ya muwa yaliyochemshwa yakageuka punje. Neno jingine la Kisanskriti, khaṇḍa, yaani kipande, lilipita pia Uajemi na Uarabuni, likafika Ufaransa na kuwa candi, neno ambalo kila mwanafunzi aliyesoma Kifaransa amelikuta katika sucre candi. Hivyo majina mawili ya sukari yaliyoenea duniani yanahifadhi kumbukumbu ya hali mbili za sufuria ileile: punje na pande gumu.

Je, sukari ilifika lini Afrika ya Mashariki? Katikati ya karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za bahari ya Hindi unaojulikana kwa jina la Periplus. Anapozitaja bidhaa zilizotoka kaskazini-magharibi ya Bara Hindi na kushushwa katika bandari za pwani ya Wasomali, anaorodhesha nafaka, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali ya mwanzi iitwayo sakchari. Ufuta na sukari, vitu viwili vinavyokutana katika kashata ya ufuta, vilikuwa katika shehena moja takriban miaka elfu mbili iliyopita.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kuwapo kwa bidhaa bandarini ni kuwapo kwake katika chakula cha watu. Kwa karne nyingi sukari ilikuwa kitu cha thamani, kilichotumiwa kama dawa na kama kiungo cha wenye uwezo. Ibn Battuta alipoitembelea Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwa kirefu juu ya chakula alichokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Karanga hakuziona, wala hakuweza kuziona, maana wakati huo zilikuwa bado ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

4. Njugu iliyokuwapo na njugu iliyokuja

Jamii za Kibantu zilikuwa na njugu yao tangu kale. Ni ile iitwayo leo njugu mawe, mmea uliofugwa na Waafrika wenyewe upande wa magharibi ya bara, nao huzaa chini ya ardhi. Neno njugu lina mizizi mirefu: wanaisimu wa Kibantu wamelirudisha katika msamiati wa lugha-mama.

Karanga ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni Wareno walioileta Afrika katika karne ya 16, baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Hapa maneno yanatoa ushahidi wa kuvutia. Mimea mingine ya Amerika iliyopitia mikono ya Wareno ilikuja na majina yake: nanasi ni jina la Amerika lililopita katika Kireno, na kanju, yaani korosho, vilevile. Lakini amendoim, jina la Kireno la karanga, halikupata nafasi katika Kiswahili. Sababu yaelekea kuwa hii: nanasi halikumkuta ndugu yake pwani, kwa hiyo likabaki na jina lake, karanga ilimkuta njugu. Wakulima waliona mmea unaozaa chini ya ardhi, wakaupokea kama jamaa ya mmea waliokuwa nao. Ndiyo maana mahali pengine uliitwa njugu nyasa, na ile ya zamani ikalazimika kuongezewa sifa ili zisichanganywe, ikawa njugu mawe. Mgeni aliingia nyumbani kwa jina la mwenyeji.

Upande wa magharibi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wasemaji wa Kikongo waliiita nguba. Na watumwa waliovushwa bahari walilichukua neno hilo hadi Marekani, ambako katika majimbo ya kusini karanga iliitwa goober. Zao lililotoka Amerika likarudi Amerika na jina la Kiafrika.

5. Karanga, kaanga, kalanga

Jina karanga lenyewe linadai uchunguzi wa pekee. Wasemaji wengi hulihusisha na kitenzi kukaanga, na wana haki. Kitenzi cha Kibantu cha kale chenye maana ya kukaanga hurudishwa kwa umbo *-kádang-. Katika Kiluba cha Kasai husikika mpaka leo kukalanga.

Kiswahili cha pwani kina kanuni inayofahamika vizuri: konsonanti hiyo ya kale, ambayo katika lugha nyingi za Kongo ni l, imedondoka katikati ya maneno mengi. Palipo na njila katika Kiluba, Kiswahili kina njia. Palipo na nzala, kina njaa. Palipo na mvula, kina mvua. Kwa kanuni ileile, kalanga imekuwa kaanga. Lakini basi, kwa nini jina la tunda halikuwa “kaanga” pia? Kwa nini karanga imebaki na r yake?

Jibu lenye kuelekea ukweli ni kwamba jina hili halikuirithi njia ile moja. Lilipoingia katika Kiswahili, kanuni ya kudondosha ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Lilitoka, kwa hiyo, katika mojawapo ya lugha dada ambazo konsonanti ile ilikuwa hai bado, likapokewa kama lilivyo. Hoja hii ya sauti inaafikiana na hoja ya mimea: kitu kilichofika katika karne ya 16 au baadaye kimepewa jina ambalo sauti zake zinaonyesha kuwa ni mgeni katika msamiati wa pwani, ingawa ni mtoto wa ukoo uleule.

Jambo hili lina uzito kwa Kiswahili cha Kongo. Katika Lubumbashi na katika miji mingine ya mashariki ya nchi, wengi husema kalanga. Mara nyingi matamshi haya yamehesabiwa kuwa kosa, mfano mmoja wa lugha iliyoharibika kwa kuwa mbali na pwani. Ukweli ni kinyume. Umbo lenye l linapatana na kitenzi kinachoishi katika lugha za jirani, na liko karibu zaidi na umbo la kale kuliko kaanga ya Unguja. Mwalimu anaweza kumtaka mwanafunzi aandike karanga katika insha, kwa kuwa usanifu una faida zake. Hana msingi wa kumwambia kwamba mama yake amelipotosha neno.

6. Utamu na uchungu: Pangani

Imebaki kueleza jinsi sukari ilivyotoka katika sahani ya tajiri ikafika katika sinia la muuzaji wa barazani. Sehemu ya jibu iko katika masoko ya dunia, maana katika karne ya 19 sukari ya miwa na ile ya viazisukari vya Ulaya ziliongezeka sana na bei ikashuka. Sehemu nyingine iko karibu zaidi, katika bonde la mto Pangani.

Huko, katika karne ya 19, matajiri wa Kiarabu walianzisha mashamba ya miwa kandokando ya mto. Maji ya miwa yalikamuliwa na kuchemshwa hapohapo, na mazao yake yakapelekwa Unguja na Uarabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Kilimo cha miwa ni kikali kwa aliye chini ya amri. Muwa ukishakatwa hauwezi kungoja: usipokamuliwa katika siku moja au mbili utamu wake hupungua na maji yake huchacha. Kwa hiyo wakati wa mavuno kazi ya panga, kinu na moto haikatiki. Haishangazi kwamba pembezoni mwa mashamba hayo palizuka vijiji vya watoro, watumwa waliokimbia wakajijengea makao yao.

Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba ya miwa. Historia ya upinzani humtukuza, nayo ina sababu zake. Historia ya sukari humwona kutoka upande mwingine, upande wa wale waliokuwa mbele ya sufuria yake. Picha zote mbili ni za mtu mmoja, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuchagua moja na kuitupa nyingine.

Habari hizi zinaigusa Kongo moja kwa moja. Biashara iliyowafikisha Waswahili na Waarabu Nyangwe na Kasongo iliwatoa watu wa Manyema makwao, wengine wakaishia pwani. Jina la Wamanyema linasikika mpaka leo katika miji kama Ujiji na Tabora. Njia hiyohiyo ilileta lugha, mchele, miti ya matunda na bidhaa za pwani. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru la Kongo lilipoiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, aliandika juu ya vitu vya starehe vilivyokutwa mjini humo, na sukari ni mojawapo ya vitu anavyovitaja, pamoja na mishumaa na viberiti. Neno sukari na kitu chenyewe viliingia mashariki ya Kongo kwa msafara mmoja, na ni msafara uleule uliowatoa watu.

7. Mkono wa wanawake

Tamutamu nyingine ya pwani yaonyesha upande wa asili. Ubuyu hutengenezwa kwa mbegu za mbuyu zilizozungukwa na nyama yake nyeupe yenye uchachu, zikachanganywa na sukari iliyoyeyushwa, rangi nyekundu, iliki na pengine pilipili. Lugha yenyewe imekipanga kila kitu katika ngeli zake: mbuyu ni mti, buyu ni tunda, ubuyu ni kilichomo ndani. Hapa hakuna cha kungoja meli ya Wareno. Mti ni wa Afrika na jina ni la Kibantu. Ni sukari na viungo tu vilivyovuka bahari. Ubuyu na kashata vikiwekwa katika sinia moja, vinaonyesha kwamba utamaduni wa pwani una njia mbili: kukitia kitu cha ndani katika sukari ya nje, na kukipa kitu cha nje jina la ndani.

Walioifanya kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni wanawake, kwa mtaji mdogo na sufuria moja. Kwa kulinganisha, yafaa kukumbuka mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupata mafuta ya kula. Ulitangazwa mwaka 1946 ukiwa na shabaha ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalivunjikia katika udongo wa Kongwa, mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua hazikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Wapangaji walikuwa na fedha na mashine. Hawakuwauliza wakulima waliokuwa wakilijua zao hilo kwa vizazi vingi.

Kongo nayo imejua jinsi tamutamu inavyotegemea mambo makubwa. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira, kilichojengwa katika miaka ya 1950, kilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia. Karanga ziliendelea kulimwa katika vishamba vya nyuma ya nyumba. Sukari ilibidi kununuliwa kutoka mbali. Mwanamke anayeuza karanga za kukaanga anaweza kufanya kazi yake kwa moto na mikono tu. Anayetaka kuzitia sukari anahitaji kiwanda, barabara na amani.

8. Hitimisho

Kashata, basi, ni ya asili au ni ya kigeni? Swali hili, likiulizwa hivyo, halina jibu. Moto na ustadi ni vya hapa. Karanga ni ya Amerika. Sukari ni ya Asia, nayo jasho lililoifanya iwe rahisi lilikuwa, kwa sehemu, jasho la watu waliotolewa bara. Vitu hivyo vilikutana mikononi mwa wapishi ambao majina yao hayakuandikwa, nao wakavifanya kuwa kitu kimoja ambacho leo hakuna mtu wa pwani anayekiona kigeni.

Kiswahili kimepita njia iyo hiyo. Wanaodai kwamba kiko Kiswahili safi cha pwani na Kiswahili kilichochafuka cha bara wanasahau kwamba usafi huo haukuwako hata katika chano cha kashata. Neno karanga lilikuja pwani likiwa na sauti ya jirani. Neno kalanga limekaa Kongo likiwa na sauti ya mababu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imekusanya mengi, lakini msamiati wa sufuria, wa hatua za sukari, wa kupepeta na kukata, bado uko vinywani mwa wanawake wa masokoni, Mombasa kama Bukavu. Mtafiti kijana anayetafuta kazi ya kuanzia anaweza kwenda huko na daftari lake asubuhi na mapema, kabla karanga hazijakwisha kuuzwa.